Kuku Aliyeatamia Juu ya Pipa

Nakumbuka siku ile bibi mmoja alipotua kinu mbele ya mashine ya kusaga ya baba yangu, akasema amekuja kufungua kesi. Mshitakiwa nilikuwa mimi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nina suruali pana chini kama walivyovaa vijana wa wakati ule, nina redio ya mkononi, na sikuwa nimewahi kushitakiwa hata kwa kukanyaga boga la mtu.

Lakini ngoja kwanza, mwanangu Eliamani, usiinuke. Najua una wateja wa petroli wanakungoja pale njia panda. Watangoja. Nimekuita kwa sababu ya jambo nililoliona Jumatano kwenye kibanda chako. Nimekasirika, nakwambia wazi. Na ninyi vijana wa bodaboda mliomsindikiza, kaeni hapo ukingoni, maana maneno haya yana sehemu yenu.

Jumatatu ulipita hapa kwangu na pikipiki ukitoka Same, umefunga madumu manne ya petroli nyuma. Ulisimama ukanipa shikamoo, nikakuitikia marahaba, nikakuuliza kama mafuta yanapatikana huko chini. Ukasema yanapatikana tele. Jumatano asubuhi redio ikatangaza bei mpya. Mimi nilikuwa nimeshuka njia panda kununua chumvi, nikakuona kwa macho yangu unachukua kalamu nene, unafuta bei ya zamani kwenye kile kipande cha boksi, unaandika mpya. Madumu yalikuwa yaleyale manne ya Jumatatu. Moja lilikuwa bado lina kamba uliyolifungia.

Hapohapo bodaboda nao wakapandisha nauli. Akaja binti mmoja ana kichanga mgongoni, anakwenda kliniki, akauliza nauli, akaambiwa. Alikaza kanga, akashika njia ya mteremko kwa miguu, na jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Na ninyi mlikuwa mmekaa kwenye benchi mnafanya nini? Mnajadili. Mmoja anasema ni vita vya huko ng'ambo. Mwingine anasema ni dola. Wa tatu anasema ni tozo za serikali. Wa nne akasema meli zimezungushwa njia ndefu baharini, na akaichora njia yenyewe kwa kijiti mavumbini, nikamshangaa maana huyo hata Tanga hajafika. Nikakuuliza wewe, Eliamani, sababu ni nini. Ukanijibu kwa heshima zote, "Mzee, mafuta yamepanda dunia nzima, sasa sisi tufanyeje?"

Nikayatazama madumu yako. Hayakuwa yamekwenda popote duniani tangu Jumatatu. Nikaondoka bila kununua chumvi.

Watu wa mikoa mingine wanatutania sisi Wapare. Wanasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili apate nauli ya kufuata kesi ya kuku. Tunacheka, lakini si uongo sana. Tunapenda kesi. Hata tukikaa bila kesi tunaitafuta, na tukikosa wa kumshitaki karibu tunamshitaki wa mbali, maana wa mbali haji kujitetea. Hilo ndilo kosa letu, na mimi nililifanya kabla yenu, vibaya kuliko ninyi. Ndiyo maana naweza kuwasema bila kupepesa macho.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera. Nchi ilikuwa imekauka. Sabuni hakuna, sukari ya kupanga foleni, na mafuta ya magari ndiyo usiseme. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga, peke yake katika mlima huu wote. Alipoileta, mchungaji aliiombea, na baba akasimama akasema mashine hii ni mabega ya mama zenu, wayapumzishe sasa. Wanawake wakapiga vigelegele. Baada ya mwaka mmoja ungetafuta mchi wa kutwangia usiupate. Michi iligeuzwa kuni, na vinu wakawekea kuku maji. Walituamini, unaona. Walichoma michi yao kwa sababu walituamini.

Basi baba akaugua macho, akaenda Moshi kutibiwa, na matibabu yenyewe yalikuwa ya mwezi na zaidi. Akaniachia mashine na mapipa matatu ya mafuta. Akaniambia, "Haya yanatosha mpaka nirudi. Usiwasumbue watu." Pipa moja nilikwisha lifungua, nanyonya mafuta kwa mpira kila asubuhi. Mawili yalikuwa nyuma ya mashine, yamezibwa, hayajaguswa. Juu ya moja kulikuwa na gunia kuukuu la pumba, na kuku mwekundu wa mama yangu akaona hapo ndipo pazuri pa kuatamia mayai yake. Mama akanikataza kumsumbua. Kwa hiyo mle ndani kulikuwa na amri mbili, usiwasumbue watu na usimsumbue kuku. Nikaishika ile ya kuku.

Siku moja nakunywa chai, redio ikatangaza kwamba bei ya mafuta imepanda. Chai yenyewe haijaisha nikachukua mkaa, nikaandika bei mpya ya kusaga kwenye mlango wa mashine. Na sikuongeza kidogo. Niliongeza nusu nzima ya ile ya zamani. Aliyeuliza nilimwambia mafuta yamepanda. Neno hilo ni tamu mdomoni, mwanangu, kwa sababu halina jibu. Mtu ukimwambia mafuta yamepanda, anainamisha kichwa kama umemtajia msiba. Hakuulizi tena.

Pembeni ya mashine palikuwa na benchi. Jioni wanakaa wanaume, yuko mzee wa kanisa, yuko fundi cherehani, na mimi mwenye redio nakaa katikati kama karani wa mahakama. Tulihukumu dunia nzima pale. Tuliwahukumu wenye visima vya mafuta, tukawahukumu wenye meli, tukaihukumu serikali, tukamhukumu na mwenye duka wa Same aliyekuwa ameficha vibiriti, ingawa vibiriti na mafuta sijui vilihusianaje. Wote tuliwakuta na hatia. Nilikuwa nazungumza kuliko wote. Sababu moja ya bei kupanda ilikuwa imekaa pale benchini, imeshika redio, na hakuna aliyeiona. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hujikagua nguo yake mbele ya watu?

Ndipo akaja bibi yako.

Ndiyo, Eliamani, Bibi Nakijwa, mama wa baba yako. Alikuja asubuhi na nusu debe ya mahindi, anataka unga wa uji. Mkamwana wake alikuwa na siku ya tisa tangu ajifungue. Unajua kwetu mzazi hulishwa uji mpaka apate nguvu, kwa sababu uji ndio unaoleta maziwa. Nikamwambia bei. Akafungua fundo la kanga, akatoa alichokuwa nacho, na hakikutosha. Akaniuliza, "Mafuta yamepanda lini, mjukuu wangu?"

"Juzi, Bibi."

Akatazama nyuma yangu, kule kwenye mapipa. Akatazama kwa muda mrefu. Mimi nikadhani anashangaa utajiri. Kisha akasema, "Haya," akajitwika mahindi yake akaenda zake. Nikaongeza sauti ya redio.

Mkamwana huyo alikuwa mama yako, Namsifu, Mungu amrehemu. Na kichanga kile cha siku tisa ni wewe. Usiangalie chini, nitazame mimi. Mwenye haya katika kisa hiki ni mimi.

Siku nne mama yako alikula makande ya kuchemsha na ndizi. Mtu aliyetoka kujifungua, makande hayamkai. Maziwa yakapungua, halafu yakakaribia kukatika. Ulilia mpaka sauti ikakwaruza. Jirani aliyekuwa na mtoto mkubwa kidogo akawa anakuja asubuhi na jioni kukunyonyesha, bila hivyo sijui tungekuwa tunazungumza nini leo. Nyumba yenu ilikuwa chini tu ya mashine yetu, na tukikaa benchini kilio chako tulikuwa tunakisikia vizuri. Na mimi nilisema, kwa mdomo huu unaouona umebaki na meno manne, nilisema, "Oneni vita vya huko ng'ambo vinavyotesa watoto wetu." Wenzangu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Fundi cherehani akasema kweli kabisa.

Nimezeeka nimesahau mengi. Hilo sijalisahau.

Siku ya tano, jua limepanda kidogo, tukamwona Bibi Nakijwa anapanda njia. Kumbe siku zile zote alikuwa anamsubiri seremala amchongee mchi mpya, kwa sababu wake aliuchoma kama wenzake. Wanawake wawili walikuwa wamemshikia kinu, na nyuma yao wengine saba au wanane wamebeba vinu vyao, kila mmoja na mchi begani, mingine mibichi bado inanuka utomvu. Wakatua katikati ya uwanja. Nikajua siku yangu imefika, ingawa sikujua kwa nini.

Bibi hakunitazama. Aliwageukia wazee wa benchi. Akasema, "Nasikia hapa ni mahakamani. Mmemhukumu mwenye meli, mmemhukumu mwenye kisima. Na mimi nina kesi yangu ndogo, kesi ya kuku."

Watu wakacheka. Mzee wa kanisa akamwambia aseme.

Akaomba mama yangu aitwe. Mama akaja anafuta mikono yake, hajui lolote. Bibi akamuuliza yule kuku mwekundu ni wa nani na ameanza lini kuatamia. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kweli, hata kama ingemgharimu. Akahesabu kwa vidole, akasema leo siku ya kumi na tisa. Kisha Bibi akaniuliza mimi redio ilitangaza lini. Nikasema leo siku ya saba.

"Basi," akasema Bibi, "kuku huyu alilikalia pipa hili siku kumi na mbili kabla bei haijapanda. Hajainuka ila kunywa maji. Pipa halijafunguliwa, utando wa buibui huo hapo unashuhudia. Sasa naomba mahakama iniambie, mafuta ya ndani ya pipa hili yamepandaje bei? Ni kuku aliyeyapandishia bei?"

Wakacheka tena, lakini safari hii hawakunitazama. Nilitaka kujitetea, nikatoa hoja ambayo hata wewe, Eliamani, unayo sasa hivi kichwani, naiona usoni pako. Nikasema, "Bibi, nikisaga kwa bei ya zamani, pipa jipya nitalinunua na nini?"

Akanijibu taratibu, kama anamfundisha mtoto kuvaa shati. "Pipa jipya likifika, tuambie bei yake, tutalilipia. Nani amekataa? Lakini hili lilikwisha nunuliwa kwa bei ya zamani. Mtu hatozwi nauli ya gari ambalo halijafika."

Hapo ukasikika wewe, kule chini, kilio cha kukwaruza. Bibi akanyoosha mkono upande wa nyumbani kwake.

"Mnamsikia yule? Yule ndiye anayekununulia pipa lako jipya."

Alimimina mahindi kinuni, akashika mchi, akaanza kutwanga palepale mbele ya mashine yetu. Na wale wengine wakaanza. Mashine imenyamaza, vinu vinalia. Mimi nilisimama mlangoni, chini ya ile bei niliyoiandika kwa mkaa, na natamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Upare ina mawe mengi, haimezi mtu kirahisi.

Hukumu ilitoka kwa mzee wa kanisa. Wengine walitaka nitozwe faini ya dengelua, ile pombe yetu ya miwa, na nadhani walikuwa na kiu yao tu. Mzee akakataa. Akasema, "Kijana huyu mkono wake ulikuwa mwepesi kuandika bei. Tuone kama ni mwepesi kutwanga." Kwetu mwanamume hakushika mchi wakati ule, ilikuwa aibu ya kukufuata mpaka kaburini. Nikashika. Nilitwanga mahindi ya mama yako siku ile mbele ya watu wote mpaka malengelenge yakapasuka mikononi, na nikaambiwa nitakuja kutwanga kila asubuhi mpaka mzazi amalize arobaini yake. Bei niliifuta siku hiyohiyo, na wanawake wengine wakarudi mashineni. Lakini unga wa mama yako ulitoka mikononi mwangu, siku zote zile. Maziwa yakarudi. Ukanenepa ukawa na mashavu. Na yule kuku aliangua siku mbili baada ya kesi, mama yangu akamchukua yeye na vifaranga vyake, akampelekea mama yako.

Baba alirudi kutoka Moshi na kitambaa kwenye jicho moja. Akasimuliwa. Jioni akaniambia sentensi moja tu: "Niliwapa mabega, wewe ukawageuzia mzigo." Afadhali angenichapa.

Sasa sikiliza mwisho wake, maana hapa ndipo vijana hamtaki kufika. Mapipa yaliisha. La mwisho lilipokauka, baba aliita watu uwanjani, akawaambia bei ya pipa jipya, akawaambia na bei ya kusaga itakavyokuwa. Ilikuwa kubwa kweli. Hakuna aliyenung'unika. Lori lililozoea kutuletea lilikataa kupanda mlima kwa sababu ya gharama, likashusha pipa barabarani chini. Ikapigwa mbiu ya msaragambo, ile kazi yetu ya wote, na watu wakashuka na madumu na ndoo, mafuta yakapanda mlima huu vichwani na mabegani. Wale wale waliokuja na vinu kunishitaki ndio waliobeba. Bibi yako alibeba dumu dogo. Waliambiwa ukweli, basi, hakuna kingine. Mtu anayeambiwa ukweli anabeba, anayedanganywa anakuletea kinu.

Mnadhani namwonea Eliamani kwa sababu yuko karibu? Siyo. Hasira yangu inafika mbali kuliko kibanda chake. Nimeishi miaka mingi nikiwatazama wenye vituo vikubwa huko barabarani. Bei ikipanda inapanda siku ileile, hata kwa mafuta yaliyolala tangini wiki mbili. Ikishuka, mmoja anakwambia subiri kidogo, tunamalizia yale ya zamani. Hayo ya zamani, wanangu, yapo siku ya kushuka tu. Siku ya kupanda hayaonekani. Nani ameyaficha? Mnunuzi wa tangawizi yetu anakuja hapa anatubana bei, anasema mafuta yamepanda, lori lake linakula sana. Mafuta yakishuka hatujamwona akituongezea hata senti. Nyanya zimepanda, chumvi imepanda, mchele wa Kihurio umepanda. Hata kinyozi wa pale sokoni, anayeninyoa kwa mkasi, amepandisha, na sababu yake ni hiyohiyo. Nilimuuliza mkasi wake unatumia lita ngapi. Alicheka, lakini hakupunguza.

Ni wizi wenye adabu. Unakutazama machoni, unakupa pole, na unaingiza mkono mfukoni mwako.

Sisemi kwamba vita si kweli. Vita ni kweli, na wapiganapo tembo nyasi ndizo zinazoumia, na nyasi ni sisi. Dola ni kweli. Meli ni kweli. Tozo ni kweli, na siku diwani akija kwenye mkutano nataka mmuulize mbele ya watu, katika kila lita mnachukua kiasi gani, na barabara yetu mbona bado inabomoka kila masika. Ulizeni, msiogope. Kunyamaza nako ni kulipa. Lakini nitakwambia kwa nini diwani anatucheka kimoyomoyo. Anatucheka kwa sababu anajua tunaomuuliza tumetoka kubandika bei mpya kwenye dumu la zamani. Nyani haoni kundule. Tukienda pale na mikono michafu, anatuonyesha mikono yetu na kikao kinaishia hapo.

Na mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Eliamani. Wewe ulikuwa na njaa, siku zile nne, na hukumbuki kwa sababu ulikuwa na siku tisa. Mimi ndiye niliyekukumbukia miaka yote hii. Ulipojifunza kutembea nilikuwa nakutazama. Ulipoanza shule nilikuwa nakutazama. Ulipofungua kibanda nilifurahi kama ni changu. Halafu Jumatano nikakuona na ile kalamu nene, na binti mwenye kichanga anashuka mlima kwa miguu, nikaona mkono wangu mwenyewe na ule mkaa. Hicho ndicho kilichoniuma.

Basi nasaha zangu ni hizi, na nazisema mbele ya vijana hawa ili zisipotee. Mafuta uliyoyanunua kwa bei ya zamani yauze kwa bei ya zamani mpaka dumu la mwisho. Ukileta mapya, yauze kwa bei yake mpya, na atakayelalamika mlete kwangu nitamjibu mimi. Yakishuka, shusha. Usije ukaniambia unamalizia ya zamani, nitakuja na kuku. Mtaji wako ni mdogo, najua, na safari ya Same inakula faida. Ukikwama, sema. Waambie watu uwanjani kama baba yangu alivyowaambia, na uone kama mlima huu utakuacha uzame. Ninyi wa bodaboda, mafuta mliyokwisha weka kwenye tangi hayajasikia redio, kwa hiyo nauli isipande kabla hamjajaza upya. Mwenye mgonjwa na mwenye kichanga, huyo mpakie kwanza, habari ya bei baadaye. Na sisi wenye tangawizi tuache kila mtu kumwita bodaboda wake kwa kiroba kimoja. Tukusanye mizigo ishuke pamoja kwa siku mbili za wiki, nauli tugawane, tulikwisha fanya hivyo kwa mafuta na tunaweza kwa tangawizi. Kujadili sababu ni kuzuri, jadilini mpaka koo zikauke, ndio Upare wenyewe huo. Lakini kila kesi ya bei mkiifungua, aanze kusimama aliye karibu zaidi na dumu. Akishajisafisha, ndipo tumwite mwenye meli.

Sasa nipe mkono, mwanangu. Ule mti uliouegemea tangu ulipokaa, ukadhani ni fimbo yangu ya ng'ombe, ndio mchi wa bibi yako. Siku ya arobaini aliniachia, akasema usimame mlangoni pa mashine ili kila nikishika mkaa niuone kwanza. Mashine ilikwisha kufa zamani, mchi upo. Umechakaa katikati, pale palipolika ni mikono yangu. Uchukue ukausimamishe kando ya madumu yako.

Mungu wa baba zetu akubariki, akupe riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake. Njia ya Same ikuchukue na ikurudishe salama. Watoto wako wakuone mzee kama mimi, lakini uwe na machache ya kutubu kuliko mimi. Amina. Haya inuka, wateja wanakungoja, na ukifika anza na kile kipande cha boksi.